Kabla ya White House: Obama Alivyokuwa Wakili wa Chicago na Mheshimiwa wa Mtaa kwa Miaka 8

Wakenya wengi wakisikia jina Obama, akili inaruka hadi Novemba 2008, ile wiki Rais Kibaki alitangaza tarehe 6 iwe sikukuu na nchi nzima ikalala kwa nyumba ikishangilia kijana wa Kogelo. Poa. Lakini huyo msee hakudondoka kutoka mbinguni. Kabla ya hiyo siku alikuwa amekaa miaka 8 kwa bunge la jimbo la Illinois, akiwakilisha mitaa ya kusini mwa Chicago. Hiyo kazi ni ndogo kiasi kwamba hata majirani wengine hawakujua ni nani mheshimiwa wao. Na kabla ya hapo alikuwa wakili wa kawaida tu, kwa ofisi ndogo, akila mshahara wa kawaida.

Hiyo sehemu ya maisha yake ndiyo hupitwa haraka, na ndiyo imebeba stori tamu kuliko zote. Kuna mchujo alioshinda bila mpinzani hata mmoja, kuna mwaka aliangushwa vibaya hadi karibu aache siasa, na kuna sheria moja iliyobadilisha vile makarao wa Illinois wanahoji mtu aliyeshikwa kwa kesi ya mauaji.

Alifikaje Chicago

Barack Hussein Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, 4 Agosti 1961. Buda yake, Barack Obama Senior, alikuwa msomi wa uchumi kutoka Nyang'oma Kogelo, Siaya. Mathe yake, Ann Dunham, alikuwa mzungu wa Kansas. Wazazi waliachana akiwa bado mtoi, na baba yake alifariki kwa ajali ya gari hapa Nairobi 1982. Hayo mengi unayajua.

Baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Columbia, New York, 1983, alifanya kazi kidogo huko, halafu 1985 akaenda Chicago kuwa mratibu wa mtaa. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba kwa mitaa kama Roseland na Altgeld Gardens, kuongea na akina mama wa makanisa, kuwapanga wadai haki zao. Mshahara ulianza na kama dola 10,000 kwa mwaka, pesa ya kununua gari kuukuu juu yake. Viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa na kazi zikapotea. Kule Altgeld Gardens, wakaazi walikuwa wanaishi na asbesto kwa majumba ya serikali, na moja ya vita vyake vya kwanza ilikuwa kusaidia hao watu kwenda kuuliza wakubwa wa jiji kwa nini.

Wakati huo Chicago ilikuwa na meya wa kwanza mweusi, Harold Washington, aliyeshinda 1983. Huyu naye alikuwa wakili, akapitia mabunge yote mawili ya Illinois na pia Congress kabla ya kuchukua jiji. Alikufa ghafla ofisini kwake Novemba 1987, na watu weusi wa Chicago waliomboleza kama wamefiwa na mzazi. Ukitaka kujua ramani ya siasa ya Obama ilitoka wapi, angalia huyo mzee: wakili, mbunge wa jimbo, halafu juu. Obama mwenyewe hakuficha kwamba ile mitaa ilimfunza kitu kimoja kichungu, kwamba unaweza kupanga watu vizuri sana na bado mwenye kalamu ya sheria akakukalia.

Kwa hivyo 1988 alienda kusoma sheria Harvard. Kabla ya masomo kuanza alikuja Kenya mara ya kwanza, akakaa wiki kadhaa, akafika ocha Kogelo na kukutana na Mama Sarah na ndugu zake.

Harvard aliwaka. Februari 1990 alichaguliwa rais wa Harvard Law Review, jarida la wanafunzi wa sheria, mweusi wa kwanza kukalia hicho kiti kwa zaidi ya miaka 100 ya jarida hilo. Magazeti yakaandika, na kampuni ya vitabu ikampa mkataba. Hicho kitabu, Dreams from My Father, kilitoka 1995 na wakati huo hakikuuza sana.

Likizo ya 1989 alikuwa amefanya kazi kwa kampuni kubwa ya mawakili Chicago, Sidley & Austin. Wakili aliyepewa kazi ya kumwelekeza aliitwa Michelle Robinson. Huyo dem alikataa kutoka naye mwanzoni, akisema haionekani vizuri kazini. Walioana 3 Oktoba 1992. Tuendelee.

Angeweza kula doh, akachagua ofisi ndogo

Mtu amemaliza Harvard kwa heshima, amekuwa rais wa Law Review. Kwa kawaida huyo anabebwa na kampuni kubwa au anaenda kufanya kazi chini ya jaji wa Mahakama ya Juu. Obama alirudi Chicago. Kwanza, 1992, akaongoza kampeni ya Project Vote ya kusajili wapiga kura weusi Illinois. Kulikuwa na kama 400,000 hawajajisajili, na lengo lilikuwa kusajili 150,000. Mwaka huo huo Carol Moseley Braun, wakili wa Chicago, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani.

1993 akaingia Davis, Miner, Barnhill & Galland, ofisi ya mawakili kama dazeni moja hivi. Mmoja wa wakubwa pale, Judson Miner, alikuwa wakili mkuu wa jiji enzi za Harold Washington. Kesi zao zilikuwa za haki za raia, ubaguzi kazini, na miradi ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Obama hakuwa wakili wa kupiga kelele kortini kama wale wa filamu. Kazi yake nyingi ilikuwa kwa meza, kuandika hoja na kutafuta sheria. Alikuwa kwa timu iliyoshtaki jimbo la Illinois 1995 kwa kukataa kutekeleza sheria ya kusajili wapiga kura kwa urahisi, ile inayoruhusu mtu kujisajili akienda kuchukua leseni ya kuendesha gari. Walishinda. Pia alishiriki kesi ya mipaka ya wadi za Chicago, ambapo weusi walisema ramani imechorwa kuwapunguzia nguvu.

Kando na hiyo, alikuwa anafunza sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, kuanzia 1992 hadi 2004. Kwa hivyo ukisikia mtu akimwita profesa, hiyo ndiyo sababu, ingawa cheo chake rasmi kilikuwa mhadhiri.

Vile aliwatoa wote kwa mchujo

Hapa ndipo wasee hushtuka, kwa sababu picha ya Obama kwa akili zetu ni ya jamaa mpole wa matumaini.

1995 mbunge wa Congress wa upande wa kusini mwa Chicago, Mel Reynolds, alipatikana na hatia kwa kesi ya ngono na msichana mdogo, kiti kikabaki wazi. Alice Palmer, seneta wa jimbo aliyeheshimika sana mtaani, akaamua kukitafuta. Hiyo ilimaanisha kiti chake cha Seneti ya jimbo, eneo la 13, kinakuwa huru. Palmer akambariki Obama kama mrithi. Septemba 1995 Obama akatangaza kwa hoteli moja ya Hyde Park kwamba anasimama.

Novemba, Palmer akaangushwa kwa ule mchujo wa Congress. Jesse Jackson Jr. alishinda, yeye akamaliza wa tatu. Wafuasi wake wakaanza kumwambia Obama: kijana, rudi nyuma, mama anataka kiti chake. Obama akakataa. Alikuwa ameshaahidi watu, ameshachangisha pesa, ameshaanza kazi. Palmer naye akakimbia kukusanya saini dakika za mwisho na kuwasilisha makaratasi yake Desemba.

Ili jina liwe kwa karatasi ya kura ulihitaji saini 757 za wapiga kura waliosajiliwa ndani ya eneo lako. Palmer alileta 1,580. Inaonekana nyingi, si ndio? Watu wa Obama wakaenda kwa bodi ya uchaguzi, wakakaa chini na ile sajili, wakapitia saini moja baada ya nyingine. Huyu haishi eneo hili. Huyu ameondolewa kwa sajili. Huyu ameandika jina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Huyu aliyekusanya saini hana ruhusa. Zaidi ya nusu zikaanguka. Na hawakuishia kwa Palmer, walipinga makaratasi ya wapinzani wote wanne. Wote wanne walitolewa. Machi 1996 Obama akashinda mchujo wa chama cha Democratic akiwa peke yake, na kwa eneo kama lile mchujo ukiisha uchaguzi umeisha.

Unakumbuka 2022 vile IEBC ilibakisha wagombea urais wanne tu, wengine wakilia kuhusu saini na kopi za vitambulisho? Basi fikiria hiyo, lakini anayekutoa ni mpinzani wako mwenye shahada ya Harvard.

Je, ilikuwa haki? Alipoulizwa na Chicago Tribune miaka baadaye, Obama alisema walifuata tu sheria zilizowekwa, na kwamba mtu asiyeweza kukusanya saini halali anazua maswali kuhusu vile atawakilisha watu. Kisheria hapo hakuna wa kumkosoa. Lakini jamaa aliyejenga jina akisajili watu ili wapate kuchagua, aliingia siasa kwa uchaguzi ambao watu wa mtaa hawakuwa na wa kuchagua. Palmer hakusahau. 2008 alimuunga mkono Hillary Clinton.

Springfield, karata na wazee wa vijijini

Makao makuu ya Illinois si Chicago, ni Springfield, kama kilomita 320 kusini. Wabunge wa jimbo huenda huko siku kadhaa za wiki wakati wa vikao, halafu wanarudi nyumbani kwa kazi zao zingine. Ndiyo maana Obama aliweza kuwa seneta, mhadhiri na wakili kwa wakati mmoja. Seneti ina watu 59, na kila mmoja anawakilisha kama watu laki mbili.

Alipoapishwa Januari 1997, Republican ndio walikuwa wengi. Maana yake rahisi: mswada wako ukiwa wa upinzani, unaenda kufia kwa kamati. Zaidi ya hapo, maseneta wengine weusi wa Chicago walimwona kama msomi wa kuringa, mtu wa Hawaii na Harvard anayejifanya wa mtaa. Kuna waliomchokoza waziwazi.

Akaamua kutafuta njia nyingine. Kulikuwa na wazee wazungu wa vitongoji na vijiji, Terry Link, Denny Jacobs na wengine, waliokuwa wanacheza karata za pesa jioni. Obama akaingia. Waliocheza naye walisema alikuwa mwangalifu mno, hatupi pesa ovyo, hadanganyi bila mpango. Akajifunza gofu pia. Unaweza kucheka, lakini hapo ndipo sheria nyingi huanzia, sio kwa ukumbi. 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuzuia wabunge kupokea zawadi na kutumia pesa za kampeni kwa mambo yao ya nyumbani, na alifanya hivyo pamoja na Republican. Kabla ya hapo, mheshimiwa wa Illinois angeweza kuchukua pesa za wafadhili akajinunulia gari na hakuna sheria ingemgusa.

Pia kuna jambo wapinzani wake walimkalia nalo sana baadaye. Illinois, ukiwa seneta, unaweza kupiga kura ya ndiyo, ya la, au ya "nipo" tu. Obama alipiga hiyo ya "nipo" mara 129 kati ya kura kama 4,000. Wenyeji wa Springfield walieleza kwamba mara nyingi ilikuwa mbinu ya chama. Wengine waliona ni mtu anayelinda jina lake. Mimi naona zote mbili zinaweza kuwa kweli.

Kichapo cha 2000

Mwaka wa 1999 alichoka. Akaona kiti cha Congress cha Bobby Rush kinaweza kuanguka, kwa sababu Rush alikuwa ametoka kushindwa umeya na Richard M. Daley. Hesabu mbaya sana. Rush alikuwa mwanzilishi wa Black Panther Illinois, mtu wa mtaa kabisa. Obama alikuja kuandika kwamba kura ya maoni aliyofanya ilionyesha Rush anajulikana kwa asilimia 90 na yeye 11.

Halafu mambo yakaharibika. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa, na mji mzima ukamwonea huruma. Desemba kulikuwa na kura muhimu Springfield kuhusu sheria ya bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia kwa nyanya yake, na binti yake Malia, aliyekuwa na mwaka na nusu, akawa mgonjwa. Hakurudi. Mswada ukafeli kwa kura chache, na magazeti yakamchapa bila huruma: mnapigwa risasi mtaani, mheshimiwa yuko pwani.

Machi 2000 alipata asilimia 30, Rush 61. Miezi michache baadaye alienda mkutano mkuu wa Democratic, Los Angeles. Kufika kwa kaunta ya kukodisha gari, kadi yake ya benki ikakataa. Hata kibali cha kuingia ukumbini hakupata vizuri, akarudi nyumbani kabla haujaisha. Hiyo stori ameisimulia mwenyewe. Alikuwa na miaka 39, madeni, bibi ambaye hakuwa anafurahia siasa, na kiti kwa upande ambao haupitishi chochote.

Kofia ya Lincoln na video za makarao

2001 bahati ilicheza. Illinois huchora mipaka upya kila baada ya sensa, na vyama vikishindwa kukubaliana, jina linatolewa kwa kofia. Kweli kabisa. Waziri wa jimbo, Jesse White, alichota karatasi kutoka kwa mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln, na ikatoka ya Democratic. Obama akakaa kwa kompyuta na mchoraji wa chama, na eneo lake jipya likanyooshwa kaskazini kando ya ziwa hadi kwa mitaa ya mabwenyenye katikati ya jiji. Alibaki na wapiga kura weusi wa kusini na akaongeza matajiri wanaochangia kampeni. Usiulize kama ilikuwa sadfa.

2002 Democratic wakachukua Seneti ya jimbo, na Emil Jones, mzee aliyewahi kuwa mkaguzi wa mabomba ya maji taka ya jiji, akawa rais wake. Obama akamwendea akamwambia sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akampa miswada mizito. Wenzake kadhaa walinung'unika, kwa sababu mingine walikuwa wameihangaikia miaka na sasa jina linaenda kwa Obama.

Mmoja ulikuwa wa kurekodi mahojiano ya polisi kwa video kwenye kesi za mauaji. Hii ndiyo kazi yake kubwa pale, na ina historia mbaya. Chicago kulikuwa na kamanda wa polisi, Jon Burge, ambaye maafisa wake walitesa washukiwa, wengi wao weusi, hadi wakakiri mambo ambayo wengine hawakufanya. Watu walihukumiwa kifo kwa hayo maungamo. Kufikia Januari 2000, Illinois ilikuwa imeua wafungwa 12 tangu irudishe hukumu ya kifo 1977, na imewaachilia 13 baada ya kugundulika hawakustahili kuhukumiwa. Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha kuua. Januari 2003, siku chache kabla atoke ofisini, akawabadilishia hukumu wote 167 waliokuwa wakisubiri.

Polisi na waendesha mashtaka walipinga video. Walisema ni gharama, wahalifu watajifunza mbinu, kesi zitaanguka. Hata gavana mpya, Rod Blagojevich, alikuwa amesema haiungi mkono. Obama akakaa nao wiki baada ya wiki. Hoja yake kwao ilikuwa ya wakili: kama mshukiwa amekiri kwa hiari, video itakulinda wewe askari, hakuna atakayesema ulimpiga. Wakabadilisha kipengele hiki, wakaacha kile. Kura ilipofika Seneti ilikuwa 58 kwa sufuri. Blagojevich akatia saini Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani ambalo bunge lake lililazimisha hiyo kitu. Pamoja nayo ulipita mswada mwingine wa Obama, wa kulazimisha polisi kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi ndio wanaosimamishwa zaidi.

Nchi hii tunajua maana ya mtu kuingia kituo akiwa mzima na kutoka na ungamo. Soma hiyo sheria ya Illinois ukikumbuka hivyo.

Kutoka mtaa hadi Washington

Oktoba 2002 alikuwa amesimama kwa mkutano wa wazi katikati ya Chicago kupinga vita vya Iraq, wakati wanasiasa wengi wakubwa walinyamaza. Machi 2004 akashinda mchujo wa Seneti ya Marekani kwa asilimia 53 dhidi ya wagombea sita, akiwemo tajiri aliyekuwa anaongoza hadi makaratasi ya talaka yake yakaanikwa. Mpinzani wa Republican naye akajiondoa kwa sababu ya makaratasi ya talaka. Julai akahutubia mkutano mkuu wa chama Boston, na kufikia asubuhi Marekani nzima ilikuwa inauliza huyu ni nani. Novemba akashinda kwa asilimia 70.

Hakuwa msafi kwa kila kitu. Mmoja wa wafadhili wake wa mapema Chicago, mjenzi Tony Rezko, alipatikana na hatia ya ufisadi 2008, na Obama akakiri kwamba kununua kipande cha kiwanja kwa familia ya Rezko kando ya nyumba yake lilikuwa kosa.

Alijiuzulu Seneti ya jimbo Novemba 2004. Agosti 2006 alirudi Kenya akiwa seneta, akapima HIV hadharani Kisumu akiwa na Michelle, akatembea Kibera, na kwa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa hotuba kali kuhusu ufisadi na ukabila iliyoudhi serikali ya wakati huo. Kile kiti chake cha eneo la 13 kilipewa Kwame Raoul, wakili wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul alikikalia miaka 14, na tangu 2019 ndiye Mwanasheria Mkuu wa Illinois.